Tupa ya Baba

Juzi, Mlandege, nilimwona fundi akilainisha silinda hedi, kile kichwa cha injini, kwa mashine ya umeme. Harufu ya chuma cha moto ikanirudisha Kikwajuni, kwenye alasiri moja ya utotoni, miaka ile ambayo aliyeshukiwa kutaka kutoroka kisiwani alikamatwa.

Baba alikuwa amejifungia chumbani, akisugua kitu kwa tupa. Mimi nilidhani anatengeneza panga. Kwa hiyo mzee wa mtaa, aliyejua kila anayeingia na kutoka, alipopiga hodi, nilimzuia mlangoni.

"Shikamoo. Baba hayupo."

"Marahaba. Na anayekwaruza huko ndani nani, panya?"

Baba akatoka amekumbatia silinda hedi ya gari yake. "Tia kidole humu, mzee. Njia ya hewa ikiwa laini, injini inapumua vizuri, na gari inakwenda mbio."

Mzee alitia kidole, akakizungusha taratibu.

"Mbio? Kisiwa hiki, unataka kukimbilia wapi?"

Baba alicheka. Mzee hakucheka.

Utotoni sikuelewa kwa nini kesho yake baba, aliyeuamini mkono wake kuliko wa fundi yeyote, alikipeleka chuma kile gereji, mafundi wakimalizie wao, nje, mbele ya watu.