Siku Tuliposafisha Shemine ya Santrali

Nimekimbia vita mara nyingi na sioni haya hata kidogo, maana nani Uvira hakukimbia, lakini kuna asubuhi moja nilikimbia kitu nilichokiwasha mwenyewe, kwa mkono huu wa kuume, tena nikiwa ndani ya kostimu, suti ya harusi yangu, na hiyo ndiyo aibu ninayowapa leo, mcheke mpaka mchoke, kisha mniache.

Miaka ile ya vita nilikuwa shefu, yaani mkuu, wa santrali ya umeme ya mji. Neno kubwa hilo, santrali, kumbe ni nyumba ya mabati karibu na ziwa, yenye masini moja ya mazuti, ile dizeli, na shemine ndefu ya chuma ya kutolea moshi. Tulikuwa wawili tu: mimi, mtoto wa wakulima wa Luberizi, na fundi Rashidi, ambaye mababu zake walikuja na biashara ya ziwa zamani zile. (Rashidi, Mungu amrehemu, kila asubuhi aliisalimia masini kwanza, mimi baadaye.) Mazuti yalikuwa haba, kwa hiyo tuliwasha jioni tu, kwa ajili ya materniti, pale akina mama wanapozalia, na mitaa michache ya jirani. Hata leo nikifumba macho naiona mitaa ile ikiwaka, watoto wanapiga kelele kana kwamba umeme ni mjomba aliyerudi safari, redio zote zinaanza kusema kwa pamoja, na jirani aliyenuniwa mchana anaitwa aje asikilize habari. Vita vilikuwapo, ndiyo, lakini saa zile tulikuwa na mji.

Sasa, masini ikifanya kazi nyepesi muda mrefu, shemine inajaa masizi na moshi unakuwa mweusi. Majirani wakaanza kulalamika kwamba nguo wanaanika nyeupe wanaanua za kijivu, na malalamiko yakapanda mpaka Bukavu, kwenye ofisi ya mazingira (wakubwa walibadilika kwa bunduki kila mara, jamani, lakini ofisi zilibaki pale pale), na ofisi ikatuambia inspekta anakuja kupima: moshi ukizidi kiasi, ruhusa yetu ya kuwasha inafutwa. Na ruhusa ikifutwa, wanawake wanazalia gizani.

Siku ya inspekta nikaamka na akili yangu mbovu. Nikamwambia Rashidi tuipe masini mzigo wote asubuhi hiyo, ijichome masizi yake yenyewe, ili mgeni akifika akute shemine safi kama sahani ya sikukuu.

"Na akikuja mapema?" Rashidi akauliza.

"Hawezi. Barabara ya Luberizi iko mbaya."

"Basi tuichome, shefu!" Akacheka, maana hakuna kitu alichopenda kama masini yake inaponguruma kwa nguvu zote.

Nikasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, nikaenda nyumbani kuoga na kuvaa kostimu. Kuwaambia majirani? Hata halikunipitia kichwani.

Nilikuwa mbele ya kioo nafunga tai niliposikia puu! Puu-puu! Masizi yakiwaka ndani ya shemine hupasuka hivyo, nalijua hilo tangu ujana, lakini masikio ya miaka ile hayakungoja kuiuliza akili. Nikatoa kichwa dirishani, nikaona barabara imejaa watu, magodoro kichwani, mbuzi wanaburutwa, wote wanaelekea Kavimvira, mpakani mwa Burundi, na juu ya mji wingu jeusi limeziba milima.

"Vita imefika! Mji unaungua!" wanapiga kelele.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa tayari mlangoni, mtoto mgongoni, sufuria ya maharagwe kichwani bado inatoa mvuke. "Sasa weye unafunga tai ya nani?" akasema, na tukatoka mbio. Katika umati ule mzima mtu mmoja tu angeweza kusema "huu moshi ni wetu, rudini," na mtu huyo alikuwa mbele kabisa, ana kiatu kimoja, tai inampiga usoni.

Kavimvira tukakuta bariere, kizuizi cha mpaka, imefungwa, wabadilisha fedha wamekunja meza zao, watu wamebanana, akina mama wanaita watoto kwa majina. Pembeni palikuwa na pusupusu, ule mkokoteni wa kubebea mizigo, na ndani yake, juu ya kitenge, mwanamke amelala na kichanga kilichozaliwa alfajiri hiyo. Nesi wa materniti ndiye aliyemsukuma mpaka pale, na alikuwa amekaa chini, hana pumzi.

Ndipo watu wakageuka kuutazama mji kwa mara ya mwisho. Kutoka pale moshi ulionekana vizuri: mpana juu, mwembamba chini, unatoka mahali pamoja tu, karibu na maji.

"Baba Neema," mke wangu akasema kwa ile sauti yake ya kuuzia ndagala sokoni, "ile moshi haiko ya shemine yako?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata vya mbuzi.

"Shemine gani?" akauliza mama mmoja mgeni, aliyesimama kando ya gari la jipu lenye vumbi la Luberizi mpaka kwenye vioo. Inspekta! Akatoa mkobani karatasi yake ya kupimia, yenye vivuli kuanzia kijivu cheupe mpaka cheusi, akainyoosha mbele ya lile wingu, akafumba jicho moja.

"Papa," akasema taratibu, "karatasi yangu inaishia kwa nyeusi. Hii yako imepita."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akanitukana kwa Kirundi, halafu kicheko kikashika umati wote, kile kicheko cha watu waliokwisha kuaga nyumba zao na sasa wanaambiwa nyumba ziko salama, na wengine walikuwa wanacheka huku wanalia. Nesi ndiye hakucheka. Akanionyesha pusupusu. "Sasa weye ndiye utasukuma."

Nikasukuma. Kostimu, jasho, mguu mmoja mtupu, nusu ya mji nyuma yangu, na inspekta anatembea kando yangu, jipu lake linatufuata polepole. Langoni mwa materniti yule mzazi akainua kichwa.

"Papa, leo jioni umeme itakuwako?"

"Mimi sijui, mama. Iko mikononi mwa huyu."

Yule mama akamtazama inspekta. "Huyu mutoto nimemuzaa nesi ameshika toshi kwa meno."

Inspekta akamfunika mtoto vizuri kwa kitenge. Tukaenda santrali, na pale tukamkuta Rashidi kwenye kigoda, uso mweusi kama sufuria, anameremeta kwa furaha; kwa mngurumo wa masini hakuwa amesikia hata chembe ya vita vyetu. "Shefu, angalia! Imetakata!" Na kweli, moshi ulikuwa hafifu kama wa chai. Inspekta akainua karatasi yake, akatazama muda mrefu.

"Sheria inasema nipime hapa, mbele ya shemine," akasema. "Nimepima hapa. Lakini siku mukichoma masizi tena, weye mwenyewe utapita mitaa yote kuwaambia watu. Kwa mudomo wako."

Jioni ile materniti iliwaka madirisha yote, na mimi na Rashidi tulisimama nje tukiyatazama. Na nilipita mitaa, ndugu zangu, kila tulipochoma, na kipaza sauti cha kuazima parokiani, "Kesho moshi ni wetu, musikimbie!" na wanawake waliniitikia kutoka jikoni, "Na kiatu, shefu, uvae viwili!" Siku hizi santrali imeota majani, Rashidi amelala makaburini, na waliokuwa wakinicheka nao wamepungua; ningepata nafasi, ningepita tena mitaa ile nichekwe tangu mwanzo. Lakini kiapo nilichokula siku ile sijakivunja: mgeni akija, ayakute masizi yangu kama yalivyo, na nikilazimika kuyachoma, jirani yangu atajua kwanza.