Mama Jumbe na Uso wa Mwalimu

Miaka ile Bariadi ilikuwa mji mdogo, na ilikuwa vigumu msichana wa mjini kuolewa bila kupita kwanza mikononi mwa Asumini. Alikuwa mke wa Gharib, muuza vitambaa na mafuta ya taa karibu na msikiti, na watu walimwita Mama Jumbe kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wazazi wake walikuwa watu wa Ujiji, yeye akazaliwa Tabora, akaletwa Bariadi kuolewa akiwa na miaka kumi na saba. Alikuja na kazi aliyofundishwa na mama yake: kusinga, yaani kusugua ngozi ya bibi harusi kwa unga na manukato, kupaka hina, kupika samli ya kupaka mwilini ikanukia karafuu, kumtunza mzazi mpaka ngozi ya tumbo irudi mahali pake.

Vitu vyake vingine alivipata palepale. Samli iliyotoka kwa wafugaji wa Kisukuma aliisifu kuliko ya Tabora. Unga wa mchele aliupepeta mwenyewe ukawa laini kama poda. Asali ilitoka Zagayu, na mafuta ya karanga aliyakamua kwa mikono. Liwa tu, ule unga wa mti wenye harufu nzuri, ndiyo aliyongoja iletwe kutoka pwani. Vyote hivyo alivitia katika makopo ya maziwa na chupa za dawa zilizokwisha, akavipanga uvunguni mwa kitanda. Hakujua kusoma. Kopo alilitambua kwa kulitikisa na kulinusa.

Mwaka sabini na nne, siku ya kumsinga Sikuzani, binti wa jirani yake, Asumini alikuwa na mafua mazito. Alivuta kopo uvunguni, akalitikisa, akalinusa asisikie kitu, akachota na kuchanganya na maziwa. Alipoupaka tu ule mchanganyiko kwenye mashavu ya msichana, Sikuzani alipiga kelele.

"Mama Jumbe, unaniunguza!"

Yalikuwa magadi yaliyosagwa, yale ya kulainishia maharage. Kuna mtu aliyekuwa akifagia aliyeyasogeza kutoka jikoni. Asumini alimmwagia Sikuzani maji ndoo nzima bila kujali zulia, akamwosha na kumwosha tena, na kwa bahati njema wekundu ule ulitulia kabla ya magharibi. Harusi ikafanyika. Hakuna aliyemlaumu, na mama yake Sikuzani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini Asumini hakucheka. Alikaa siku tatu hagusi kopo lolote, na siku ya nne alimwambia mumewe:

"Baba Jumbe, nakwenda kusoma."

"Kusoma nini, mke wangu, na umri huu?"

"Kusoma makopo yangu."

Wakati ule serikali ilikuwa imewataka watu wazima wote wajue kusoma na kuandika, na madarasa ya kisomo yalifunguliwa kila kona. La mtaa wao lilikuwa katika shule ya msingi, saa kumi alasiri, watoto wakishatoka. Akina mama walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Wengi walikuwa Wasukuma waliotoka mashambani, na aliyekaa dawati moja na Asumini aliitwa Nyanjige, mama wa makamo aliyehamishiwa kijiji cha karibu na mji mwaka uleule na ambaye hakuwahi kuona aibu ya kuuliza jambo.

Mwalimu wao alikuwa Benadetha, msichana wa miaka ishirini na tatu kutoka Nyashimo, mtoto wa wachuuzi wa samaki. Alikuwa mweusi, mrefu, mwenye sauti iliyofika dawati la mwisho bila kupandishwa. Wanafunzi waliokuwa na umri wa mama yake aliwaita mama, na aliposahihisha kosa la mtu alichuchumaa pembeni yake na kusema polepole, wengine wasisikie.

Kitabu chao kilihusu kilimo cha pamba. Walisoma pamba, wakaandika pamba, wakasoma mbolea ya pamba. Wiki ya pili Asumini alinyoosha mkono.

"Mwalimu, pamba nimeielewa. Sasa niandikie magadi."

Darasa zima liliangua kicheko. Benadetha naye alicheka, kisha akauliza kwa nini magadi, na Asumini, mbele ya watu wote, akasimulia habari ya Sikuzani bila kupunguza kitu. Mwalimu aligeukia ubao, akaandika MAGADI kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika SAMLI, na chini yake tena HINA.

"Mama amenipa somo la leo," alisema. "Kila mtu aniambie kitu kimoja cha nyumbani kwake ambacho angependa kujua kukiandika."

Tangu siku hiyo hakuna aliyekosa kuja darasani.

Jumapili iliyofuata Benadetha alikwenda kwa Asumini mwenyewe, bila kuitwa. Walitoa makopo yote uvunguni, yakajaa uani. Yaliyooza yalimwagwa, yaliyofanana yakaunganishwa. Seremala mmoja, Fundi Maganga, aliwaundia rafu ya mbao yenye ngazi nne. Ngazi ya juu wakaweka vitu vya uso, ya pili vya nywele, ya tatu vya mwili na wazazi, ya chini hina, wanja na udi. Vitu vya jikoni vilipigwa marufuku kuingia chumba kile. Asumini aliandika majina mwenyewe kwenye vipande vya karatasi ya daftari, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo, na Benadetha akavibandika kwa uji mzito wa muhogo. Asali ilipungukiwa na herufi ikawa "asai", na mwalimu alipotaka kuirekebisha Asumini alimzuia.

"Iache. Nikiiona nitajua nimetoka wapi."

Jioni ile, kwenye mswala, alimwombea dua msichana asiye wa dini yake, kwa jina.

Ilikuwa mwezi wa tano wa mwaka uliofuata, mtihani wa taifa wa kisomo ukiwa umebaki miezi mitatu, Benadetha alipoacha kuja. Siku ya kwanza waliambiwa anaumwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne Nyanjige alimnong'oneza Asumini:

"Nimemwona kisimani alfajiri, kajifunika kanga usoni wote. Nimemsalimu, kanikimbia. Mwalimu wetu ana jambo."

Asumini alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mwalimu nyuma ya shule. Aligonga akajibiwa kwamba mwalimu amelala. Akagonga tena.

"Mwalimu, ni mimi Mama Jumbe. Sitoki hapa mlangoni, na jua hili ni kali."

Mlango ulifunguka. Benadetha aliondoa kanga. Mashavu yalikuwa yamebabuka, mekundu kama nyama mbichi, na kwenye paji la uso ngozi ilitoka magamba. Kope zilikuwa zimevimba.

Asumini hakupiga ukelele. Alikaa kitandani, akamvuta msichana akae karibu naye, akangoja. Habari ikatoka vipande vipande. Benadetha alikuwa amechumbiwa na Theonest, karani wa jinari, kiwanda cha kuchambulia pamba, na harusi ilipangwa mwezi wa kumi na mbili. Dada yake Theonest alikuja kutoka mjini Mwanza, akamtazama mchumba wa kaka yake kutoka juu hadi chini na kusema kwamba siku hizi mabibi harusi wanang'aa, huyu mbona kama sufuria ya kuni. Benadetha alicheka naye. Jumamosi akanunua mafuta ya kujichubua kwa mchuuzi mmoja mnadani. Alipaka wiki tatu, asubuhi na usiku.

"Nionyeshe hayo mafuta," Asumini alisema.

Lilikuwa kopo dogo la bati lenye maandishi ya dhahabu. Asumini alilisogeza dirishani, akaanza kusoma herufi moja moja kwa kidole, kama alivyofundishwa. Alizijua zote. Akazisoma kwa sauti, akaziunganisha, hazikutoa neno lolote.

"Herufi ninazijua, lakini halisemi ndani kuna nini," alisema. "Wewe unaelewa?"

"Sielewi, mama."

"Na ulinikalisha kutwa nzima niandike majina ili nisimpake mtu nisichokijua."

Hapo Benadetha alilia kwa mara ya kwanza. Asumini naye akaona amesema vikali mno, akamshika mkono. "Mimi nilimpaka mtoto wa watu magadi, mwanangu. Sina mdomo wa kumsema mtu. Twende."

Alimpeleka kwanza zahanati, kwa sababu alijua mwisho wa ujuzi wake. Mganga aliwapa marhamu ya macho, akaagiza kopo lile litupwe, uso usiguswe na jua wala sabuni. Mengine, alisema, ni kusubiri. Kusubiri huko kulifanyika nyumbani kwa Asumini. Alimhamishia Benadetha kwenye chumba cha rafu. Hakumsinga, hakumpaka asali wala liwa. Watu walioleta majani ya kila aina aliwashukuru na kuwarudishia. Alimwosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na vidonda vilipokauka, wiki ya tatu, ndipo alipochukua samli mpya kwa Nyanjige, akaiosha kwa maji baridi mara nyingi mpaka ikawa nyeupe na nyepesi, akaipaka kwa ncha ya kidole. Samli ile Nyanjige hakutaka malipo yoyote. Alisema tu, "Mwalimu ni wetu wote."

Lakini darasa lilikuwa halina mwalimu, na mtihani ulikuwa unakaribia. Wazo lilikuwa la Asumini. Aliwaita akina mama wote uani kwake, akaegemeza ubao wa kuazima ukutani, na kwenye mlango wa chumba akatundika shuka. Benadetha alikaa nyuma ya shuka. Alisoma imla kutoka kule ndani, na Asumini, aliyekuwa hajashika chaki maishani mwake, akaandika ubaoni. Akikosea, akina mama walimpigia kelele, na sauti kutoka nyuma ya shuka ikauliza, "Ameandika nini? Nisomeeni." Wakawa wanalazimika kusoma kosa na kulieleza. Walijifunza kwa namna hiyo haraka kuliko darasani.

Wiki mbili zilipita hivyo. Alasiri moja, imla ikiwa katikati, Nyanjige alisimama na kwenda mpaka karibu na mlango.

"Mwalimu, mwangaluka," alisema, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ingawa asubuhi ilikuwa imekwisha zamani. "Mimi ng'ombe walinikanyaga mguu nikiwa mtoto. Mnauona ulivyopinda. Siku niliyoingia darasani kwako sikuuficha, na wewe hukuutazama. Toka. Sisi tumekuja kusoma, hatukuja kukutazama."

Asumini alishika chaki yake, asijue ageuke au asigeuke. Kisha shuka lilisogea na Benadetha akatoka, uso umejaa mabaka, meusi huku na ya waridi kule, macho kayainamisha. Alitembea hadi ubaoni, akachukua chaki mkononi mwa Asumini, akasahihisha neno moja.

"Tuendelee," alisema.

Theonest alifika siku chache baadaye kwa baiskeli, vumbi la pamba likiwa bado kwenye mabega. Dada yake alikuwa amemwambia kwamba mchumba ameugua ugonjwa wa ngozi. Asumini alimkaribisha uani, akamwekea kigoda, akamwambia sababu yote, na maneno ya dada yake yakiwemo, kwa sababu aliona yakifichwa yatamngoja bibi harusi huko aendako. Kijana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Benadetha alipotoka, alisimama.

"Nilikuona mara ya kwanza umebeba madaftari kichwani, jua la saa nane," alimwambia. "Nilijua rangi yako. Nikaleta barua kwenu nikiijua."

Dada yake naye, mwezi wa nane, alikuja mwenyewe kuomba radhi, na alikubaliwa.

Mwezi huohuo mtihani ulifanyika. Asumini alifaulu, Nyanjige akafaulu, na kati ya wanafunzi wote wa darasa lile walioshindwa walikuwa wawili tu. Gharib alikiweka cheti cha mkewe ndani ya kioo dukani, juu ya vitambaa, na kila mteja aliyeingia alilazimika kukisikiliza kikisomwa.

Mwezi wa kumi na mbili Asumini alimtayarisha bibi harusi wa kanisani kwa mara ya kwanza. Ngozi ilikuwa imerudi, ila kwenye shavu la kushoto palibaki baka la ukubwa wa shilingi. Benadetha alijitazama kwenye kioo. "Poda ya mchele italifunika?" aliuliza.

"Italifunika. Unataka?"

Alifikiri, akatikisa kichwa. Asumini alimpaka samli kidogo, wanja machoni, hina miguuni, basi. Alipomaliza alipiga magoti mbele yake, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akamshika miguu ile yenye hina.

"Nilikuwa naishi kwa kunusa," alisema. "Mungu akulipe, mimi sitaweza."

"Na mimi je, kama ungeniacha nimejifungia chumbani kule shuleni?" Benadetha alimwinua. "Inuka, mama, utachafua gauni lako."

Theonest alihamishiwa Maswa mwaka uliofuata, mkewe akapata kazi shuleni karibu na Binza. Miezi kadhaa baadaye dereva wa basi alimletea Asumini bahasha dukani. Gharib alinyoosha mkono kuifungua, kama alivyozoea kwa barua zote za nyumba ile, kisha akaona jina lililoandikwa juu, akampa mwenyewe. Asumini aliisoma amesimama, midomo ikicheza. Mwalimu amejifungua mtoto wa kike. Anauliza jinsi ya kuiosha samli isichachuke, kwa ajili ya ngozi ya mtoto.

Jibu lilimchukua siku mbili na kurasa tatu. Alieleza maji yawe ya namna gani na mikono ioshwe vipi. Akaonya mtoto asipakwe chochote chenye harufu kabla ya kutimiza miezi sita. Akataja habari za Nyanjige, na ndama wake, na mvua. Alipofika mwisho alikaa kitambo kirefu na kalamu mkononi, akitafuta maneno makubwa. Hakuyapata. Akaandika kwamba wote hawajambo, kwamba anamkumbuka kila siku, na kwamba mtoto aletwe akaonwe. Akatia jina lake lote, Asumini binti Ramadhani, akampa Jumbe barua akimbilie basi la saa sita.