Wimbo Alioagizwa na Mkewe

Kama uliachwa na mpenzi popote Amerika katika miaka hii ya karibuni, ukajifungia garini ukalia na redio, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyekuliza ni Wendell Pruitt. Wewe hukumjua, naye hakukujua. Usimlaumu sana, maana hata mke aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, Wendell alikuwa hamjui vizuri.

Wendell alitoka Bakersfield, mtoto wa fundi bomba, akaja Los Angeles na kinanda alichokiazima kanisani na ambacho kanisa linakingoja mpaka leo. Wimbo wake wa kwanza aliutunga peke yake, kwenye gereji ya kupanga, akimtongoza Noreen aliyekuwa mhudumu kwenye mgahawa wa chapati za maji. Noreen akakubali. Wimbo nao ukavuma nchi nzima, na hapo Wendell akawa prodyuza, yaani mtu wa kuvaa kofia ya sufu kwenye jua la Agosti.

Sasa, huku kwetu wimbo hautungwi tena na mtu. Unatungwa na kikao. Huitwa mtu wa mapigo, mtu wa sauti, mtu wa maneno, na mwimbaji mwenyewe anayekuja kachelewa na mbwa wake, akabadilisha neno moja ili naye aandikwe mtunzi. Aliyekuwemo chumbani ni mtunzi, hata kama alileta saladi. Wendell aliupenda utaratibu huo kupita kiasi. Kazi yake ikawa kufumba macho, kutikisa kichwa na kuuliza kama tuongeze majonzi kidogo. Wakiongeza, anapewa tuzo, mpaka tuzo zikakosa pa kukaa zikahamia chooni.

Noreen alivumilia weee, mwisho akachoka. Asubuhi moja ya Januari, akiwa ameshapatana na dada yake wa Fresno kwamba atahamia kwake, alimkalisha mumewe jikoni akampa habari bila kuzunguka.

"Naondoka, Wendell. Ila kabla sijaondoka nitungie wimbo. Mimi, siyo mashabiki wako. Nikikusikia humo ndani, nitabaki."

"Wimbo tu?" Wendell akauliza, uso umemng'aa. Maskini wa Mungu, alidhani ameombwa kitu anachokiweza.

Akajifungia na kinanda. Akaanza na macho ya mkewe, akakwama: ni ya kijani au ya kahawia? Akaenda kuchungulia jikoni, akamkuta Noreen anakata vitunguu amevaa miwani ya jua. Akarudi, akaandika "mpenzi", akafuta. Siku zikapita hivyo hivyo. Mwishowe akafanya kile anachokijua. Akaita kikao.

Wakaja, wakala vichapati vya Kimeksiko vilivyojazwa kamba wa baharini, wakamhoji. Mzee, shemeji akikasirika hufanyaje? Wendell akasema hukasirika kawaida. Hupenda nini? Akasema vitu vya kawaida. Watu wakatazamana. Ni mtu wa maneno, mwanamke aitwaye Marisela Ochoa, aliyeinama akaanza kuandika, kwa kuwa aliwahi kualikwa chakula nyumbani kwa Wendell. Na niseme haki: wimbo uliotoka ulikuwa mzuri.

Jumapili mchana Wendell akamketisha mkewe kwenye sofa la studio, nyuma ya nyumba, akaufungulia. Ubeti wa kwanza Noreen alitulia tu. Ubeti wa pili ulikuwa na mwanamke anayekula amesimama kando ya jiko, sahani mkononi, asije akachelewa kumwongezea mtu. Hapo machozi yakamtoka. Wendell akayaona, akafurahi. Machozi ni fani yake.

"Hapo pa kula amesimama," Noreen akasema wimbo ulipokwisha, "nani kaandika?"

Angeweza kudanganya. Lakini prodyuza wa huku anaweza kumdanganya yeyote kwa lolote isipokuwa nani katunga nini. Mawakili wamemnyoosha.

"Marisela."

"Marisela kala hapa mara moja, Wendell. Wewe umo wapi?"

Wendell akawaza. Akaurudisha wimbo nyuma, akaongeza sauti. "Pale," akasema. "Ile oo-oo kabla ya kiitikio."

Noreen akaisikiliza ile oo-oo mpaka mwisho, kwa adabu zake. Akasema ni nzuri. Akamshika shavu, kisha akaenda kupakia masanduku yake garini, analia, na safari hii hakulizwa na muziki.

Wendell alisimama dirishani mpaka gari likapotea. Nisimwonee: aliumia, aliumia kweli, mpaka akalazimika kushika pazia. Kisha akampigia simu Marisela, naye Marisela akauliza kama shemeji ameupenda wimbo.

"Sana," Wendell akasema. "Marisela, siku ile ulipokuja kula kwetu, ulimwona akifanya nini kingine?"