Nilipanda Mlima Hanang kutafuta bati za bweni, bibi mmoja akanishusha kwa simu

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Asiyeamini aje Balangdalalu nimuonyeshe magoti yangu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari ya kata huku Hanang. Kwetu ni Lindi. Kabla ya kupangiwa huku, mwinuko mkubwa niliowahi kupanda ni ngazi za hosteli chuoni, tena nikipumzika katikati.

Shule yetu ina bweni la wasichana. Ngoja niseme vizuri: ina kuta za bweni. Wananchi walifyatua tofali, wakajenga mpaka kwenye lenta, nguvu zikaishia hapo. Mbuzi wameshazizoea kuta zile, jua likiwaka wanaingia kupumzika.

Wasichana wanaotoka mbali wamepanga vyumba centre, ukuta kwa ukuta na vilabu vya pombe. Kila mwaka kuna anayeacha shule kwa ujauzito. Mnaelewa.

Mmoja wa waliopanga ni Rosa wa form three. Kwenye hesabu ni kichwa kweli. Analelewa na bibi yake, Bibi Magdalena, mkulima wa mahindi na mbaazi.

Nikaomba msaada kwenye group la WhatsApp la tuliosoma wote chuo. Nikatuma picha za kuta. Kimya. Mmoja akajibu kwa ile picha ya maua ya kutakia watu Ijumaa njema.

Siku nyingine nikatania kwamba labda nipande Mlima Hanang ndo mtanisikia.

Aisee, group likafufuka! Huyu anasema ukifika kileleni natoa bati, yule anasema tuma selfie ya kileleni natuma hela hapo hapo. Jamaa mmoja wa Dar akajipa uenyekiti wa kamati na kuweka sharti: bila picha ya kileleni hakuna mchango.

Yaani watu wazima, hela wanazo, shida wanaijua, ila mpaka mwalimu apasuke mapafu kwanza.

Nikakubali. Ahadi zile zingeezeka bweni lote.

Kabla sijaondoka, Bibi Magdalena akanifuata shuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, hakukaa.

"Mwalimu, nasikia wamekutuma mlimani. Umekosa nini?"

Nikamweleza kwamba sijaadhibiwa, nachangisha bati.

"Hao watu hela wanazo?"

"Wanazo, bibi."

"Na wanajua watoto wetu wanalala wapi?"

"Wanajua."

"Sasa wewe ukiumia huko, wao wanapata nini?"

Wakuu, nina digrii. Nikamwambia huo ndio utaratibu wa siku hizi. Akaondoka bila kuniaga, na bibi wa huku kuondoka bila kuaga si jambo dogo.

Basi, siku ikafika. Nikaanzia Katesh na guide, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Mwanzoni nilikuwa napiga video nikiongea kama mtangazaji. Baadaye video zikawa hazina maneno, ni kuhema tu. Mwisho nikazima simu nikaanza kuongea na Mungu.

Mlima ule una hila. Unapambana mpaka juu, unashangilia, kumbe kilele chenyewe kiko kule mbele, na kukifikia unapita kwenye mgongo mwembamba, huku korongo na huku korongo. Guide akaniambia kwa upole kwamba wapo wanaopiga picha pale pale na kushuka. Nilishawishika, sitawadanganya. Ila nikafikiria bweni, nikasema twende.

Nikawasha simu nijue group linasemaje. Walikuwa wanabishana kama nitafika au nitazimia.

Hapo hapo simu ikaita. Mwenyekiti wa kijiji. Kumbe anayeongea ni Bibi Magdalena.

"Mwalimu, shuka. Bati zimepatikana."

"Zote, bibi?"

"Shuka."

Magoti yangu yalielewa kabla ya masikio. Kilele nakiona kwa macho, nikakipa mgongo.

Kesho yake nikafika kijijini nikichechemea, nikitafuta lori la bati. Nikakuta beberu mmoja amefungwa kwenye mti wa ofisi ya kijiji, na Bibi amekaa kando yake. Beberu wake mwenyewe, kamtoa auzwe tuanzie kununua bati. Hapakuwa na bati hata moja.

Nilikasirika jamani. Nikamwambia bibi, umenidanganya, umetunyima bweni, na Rosa ataendelea kulala kule centre.

Hakupandisha sauti.

"Tope la mlima liliposhuka likafukia nyumba Katesh, mama yake Rosa alikuwa ndani. Mlima huo nimeshaupa mtoto wangu. Bati tutatafuta. Wewe tungekutafuta wapi?"

Nilikaa chini pale pale karibu na beberu. Nililia, na sioni aibu kuandika.

Nikaripoti group. Mwenyekiti wa kamati akajibu: "Masharti ni masharti mkuu." Ahadi zikayeyuka. Waliotuma ni wachache, tena wale ambao siku zote walikuwa kimya.

Huku kijijini habari ya beberu ikazunguka. Huyu kaleta debe la mahindi, huyu jogoo, hata wavuvi wa Ziwa Basotu wakasikia wakaleta samaki wakavu tukauza mnadani. Tumeezeka nusu ya bweni. Rosa na wenzake wamebanana humo, mvua ikinyesha wanasoma. Nusu nyingine bado ni ya mbuzi.

Nilichojifunza: anayetaka uumie kwanza ndo atoe, kutoa hakukuwa nia yake.

Karibuni kwa maoni, na kejeli ruksa, nimeshazizoea. Ila nyie wa group la chuo mliomo humu, nawaona mko online. Nusu ile inawasubiri. Bibi anasema mkitaka kilele, njooni mkipande wenyewe. Msiogope, atawapigia simu mshuke.