Sindano ya Mama Mkunga

Nilipotoka Fungurume kwenda kusomea uuguzi ng'ambo ya mpaka, jirani zetu walisema kichwa changu kinafaa kusukuma baiskeli ya makaa, si kusoma. Nilirudi na diploma niliyoipata kwa jasho langu mwenyewe, na katika kituo chetu cha afya, karibu na mgodi wa Mutoshi, hakuna aliyefunga kidonda vizuri kama mimi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Korona ilipofika nilikabidhiwa kazi ya kuzuia maambukizi. Mbele ya wagonjwa tulikuwa askari: barakoa, glavu, maji ya klorini. Lakini saa sita tulijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo, tukavua barakoa na kuzunguka sahani moja ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Mimi ndiye niliyeliona kosa hilo. Nikaamuru kila mtu ale peke yake, nje.

"Tata, diploma inakukataza kula na batu?" aliniuliza mama mkunga wa kituo, mkubwa wetu sote, akiniita "baba" kwa utani. Wakacheka. Kwetu, kukataa sahani ya mwenzako ni kumwambia humtaki. Hata hivyo walitoka nje, kila mmoja na sahani yake.

Hazikupita siku nyingi, mfagiaji aliyekuwa akila nasi akapatikana na korona. Alipona. Sisi wengine tulipimwa, tukakutwa wazima. Nilikaa kwenye benchi, nikacheka kwa furaha. Niliyemhofia zaidi ni mama mkunga: ana ugonjwa wa sukari.

Chanjo ilipoletwa, yeye ndiye aliyekataa. Mtaani walisema inaua wauguzi kwanza.

"Anza weye," aliniambia. "Na mi ndiye nitakuchoma. Nikuangalie juma zima."

Nikakunja mkono wa shati mbele ya wote. Alinichoma kama analipiza kisasi.

"Hata hukulia!"

"Mwenye diploma halii, mama."

Kesho yake nilipata homa kidogo. Sikumficha, nilimwambia itapita, ikapita. Kila asubuhi alinisubiri langoni.

"Ungali muzima, tata?"

"Ningali, mama. Na sura yangu imezidi kupendeza."

Juma lilipokwisha alikuja bega wazi. "Choma. Lakini polepole, si kama mi nilikuchoma."

Nilimchoma, nikamketisha nimwangalie. Hakudhurika. Mara akaitwa wodini, kuna mama anajifungua. Nikamsikia kupitia ukuta: "Sukuma, mwanangu, sukuma!" Sauti yake ilitikisa dirisha. Nikatoka uani, nikashusha barakoa, nikavuta pumzi mpaka ikanitosha.