Kabati Lililonifungia Ghorofani

Nikisimulia haya uso wangu bado unawaka, lakini kwa kuwa mtaa mzima wa Langoni unayo habari, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Baba aliponiachia karakana yake ya useremala nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Mombasa kwenye mafunzo ya siku nne ya kuongoza watu wakati wa mabadiliko (cheti nilikitundika ukutani kabla hata sijafungua madirisha), nikaamua mafundi wahamie ghorofani kwenye mwanga na hewa, chini pawe pa kupokea wateja. Nikaitisha mkutano. Bwana Shee, fundi mkuu aliyeanza kazi pale kabla sijazaliwa, akanyosha mkono.

"Maswali mwisho, Bwana Shee," nikamwambia.

Mwisho ulipofika ikaadhiniwa adhuhuri, nami nikafunga mkutano huku moyoni nashukuru.

Wiki tatu mambo yakaenda, nikajiona kiongozi kwelikweli, mpaka Bi Zuhura alipokuja na wapagazi kuchukua kabati la arusi ya bintiye, na arusi yenyewe kesho yake. Kabati likateremka vidato vinne, likakwama kwenye kona ya ngazi, mbele haliendi nyuma halirudi, na mimi niliyekuwa juu nikitoa amri ("Kushoto! La, kushoto kwangu!") nikawa nimefungiwa huko huko.

"Bwana Shee, mbona hukunambia ngazi ni nyembamba?"

"Nilinyosha mkono, Bi Amina," akajibu kwa upole kutoka chini, na waliojaa uchochoroni wakaangua kicheko.

Bi Zuhura hakucheka. "Mwanangu ataweka nguo wapi, kwenye hicho cheti chako?"

Ikabidi nivukie darini, juu ya paa la jirani, nishuke na vumbi langu la mbao hadi ukumbini kwake, kumbe kumejaa wanawake wanasoma maulidi. Mmoja akasema, "Karibu, Bi Amina, leo watuteremkia kutoka mbinguni?"

Bwana Shee akalifungua kabati pale pale ngazini, akivuta kimoja kimoja vigingi vya mbao vilivyoliunga, mafundi wote wakalipeleka vipande vipande kwa Bi Zuhura, na kabla ya magharibi lilikuwa limesimama chumbani kwa bi arusi. Mimi nilibeba mfuko wa vigingi, nyuma yao wote.

Sasa kazi kubwa zimerudi chini, na mikutano haianzi na mimi. Wao husema kwanza, na Bwana Shee (Mungu ampe umri) huchukua saa nzima, nusu yake akilalamikia chai, nami nasikiliza yote. Kumbe kuongoza watu huchosha masikio kuliko mdomo, na wallahi sitajaribu tena kwa mdomo peke yake.