Ngosha na Meza ya Mwisho ya Maji

Pale Mkolani, jirani yangu Ngosha, fundi wa kuchomelea madirisha, tulimwita Bwana Nusu. Alianza chuo akaacha, akaanza kufuga kuku akaacha, na mwaka jana alianza mbio za milimani akaishia kilima cha pili, akarudishwa kwa bodaboda. Tulicheka. Mimi nilicheka kupita kiasi, maana sina simile na watu wa kuanza-anza. Mama mkwe wake, Mama Sabina, hakucheka. Alimwambia binti yake mbele ya ukoo, "Umeolewa na mtu asiyefika popote." Maneno hayo yalimchoma Ngosha. Mwaka huu akaapa atafika, hata kwa kutambaa.

Mbio zile si za barabarani. Ni kilometa hamsini za kukwea mawe, kupenya vichaka vya miiba na kuvuka makorongo mpaka ufukweni mwa ziwa. Kwenye kila meza ya maji lazima namba yako ya kifuani itiwe alama ya kalamu. Ukiruka meza moja, umeondolewa.

Ngosha alikaribia meza ya mwisho jua likianza kushuka. Kucha mbili zilishang'oka, koo limekauka, magoti hayamsikii. Meza ilikuwa kati ya majabali mawili, penye upenyo mmoja tu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwaya ya kanisa imeombwa kugawa maji. Akainua macho, akamwona aliyeshika jagi: Mama Sabina.

Kwetu Wasukuma, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Ukimwona njiani, unatoka njiani, yeye apite. Ngosha akajibanza nyuma ya jiwe kama mwizi wa mahindi. Waliompita walimwuliza kama anaumwa. Aliniambia baadaye kwamba alilia pale, maana maji aliyaona, na ziwa aliliona pale chini, na hakuweza kwenda. Mwingine angesema mila zipumzike siku moja, nami nisingemlaumu. Ngosha alikuwa radhi aitwe Bwana Nusu mpaka kufa kuliko kumvunjia heshima mama wa mke wake. Nadhani hapo ndipo tulipokuwa hatumjui.

Teodora, aliyekuwa akitia alama pale mezani, ndiye aliyemwona.

"Mama, mkweo yuko nyuma ya jiwe lile."

 Mama Sabina akaweka jagi chini, akajifunika kitenge kichwani, akaiacha njia. Mwanamke wa miaka sabini, goti moja bovu, akashikilia mawe na kushuka kwenye miiba.

"Mwambie apite," alisema bila kugeuka. "Leo natoka mimi."

Ngosha akanywa, akatiwa alama, akaondoka akichechemea.

Alifika wa mwisho kabisa, utepe ukiwa umeanza kukunjwa. Mkewe Sabina akamkumbatia na jasho lake lote. Bado tulikuwa tunapiga makofi pikapu ya akina mama wa maji ilipoingia. Ngosha kuiona tu, akatuachia makofi yetu na kujificha nyuma ya hema, medali ikimgonga kifuani.

Mama Sabina akateremka, kitenge kimechanwa na miiba.

"Amefika?"

"Amefika, mama," binti yake akajibu, akilitupia hema jicho.

Akaligeuzia hema mgongo, akaelekea ziwani, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.